Ujira wa Mshenga

Kuna methali mbili za Kiswahili ambazo zikilazwa katika nyumba moja hazikosi kugombana. Ya kwanza husema, Tenda wema uende zako. Ya pili husema, Mkono mtupu haulambwi. Ile ya kwanza humtaka mtu atoe asitazame nyuma. Hii ya pili humkumbusha kuwa asiye na kitu kiganjani asitumaini kuwa na mtu ubavuni. Wahubiri na walimu huipenda ya kwanza, wachuuzi huiishi ya pili, na wengi wetu huisifu moja asubuhi tukaifuata nyingine jioni. Nataka kuzipeleka methali hizi mahali ambapo shauri lao huenda halijapata kusikilizwa, yaani kitakoni mwa ua, penye tone dogo la maji matamu, nione ni ipi ifuatwayo huko. Na kama hapana hata moja ifuatwayo, nione ni sheria gani itumikayo badala yao.

Tone hilo wengi hawalijui kwa jina lake. Huitwa mbochi, na katika vitabu vya shule huitwa pia nekta. Lakini kwa kuwa binadamu hukutana nalo baada ya nyuki kwisha kulichukua, kulikausha maji na kuligeuza asali, ni asali iliyojaliwa sifa zote na mbochi ikasahauliwa. Haya ni makosa madogo ya kawaida: hata nguo humsifu mshonaji, pamba ikanyamaza. Mbochi ni maji yaliyotiwa sukari, nayo sukari hiyo ni ya namna ile ile ya muwa, pamoja na nyingine mbili zilizo nyepesi zaidi, na chembe kidogo za vitu vingine. Mti huipika sukari majani yakiwa juani. Ungeweza kuitumia kunenepesha mizizi, au kujaza mbegu, au kuponya jeraha la shoka. Badala yake huipeleka mpaka ndani ya ua na kuimwaga pale ili mwingine ainywe. Mbochi basi si takataka wala si jasho. Ni mali iliyotolewa katika mfuko wa mti, na atoaye mali huwa ana sababu.

Sababu yenyewe si ngumu kufahamika na mtu wa pwani. Mti una msiba mmoja ambao mnyama hana, nao ni kwamba umefungwa miguu. Hauwezi kuondoka kwao kwenda kuposa. Unga wa kiume wa ua, ambao huitwa chavua, lazima ufike katika ua la mti mwingine wa jinsi yake, na pengine mti huo uko ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo mti hufanya kama walivyofanya wazee wetu: hutuma mshenga. Miti mingine na majani, kama mahindi na nyasi nyingi, humtuma upepo. Upepo ni mshenga asiyedai ujira, lakini ujumbe huutupa popote, ndiyo maana muhindi mmoja hauna budi kumwaga chavua nyingi mno ili chembe chache zifike. Miti mingine humtuma mnyama. Huyu hubeba kidogo na kukifikisha, ila hatoki kwake bure.

Hapo pana tofauti moja ya kushangaza baina ya posa za watu na posa za miti. Mshenga wa watu huujua ujumbe alioubeba, hujipamba kwa ajili yake, na hujua kuufikisha kwa maneno ya adabu. Mshenga wa ua hajui kuwa ametumwa. Nyuki anadhani amekwenda kula. Chavua aliyoisomba mgongoni haimhusu, na nyingine huipangusa akaila pia. Ua nalo halijui kuwa limetuma. Baina ya wajinga hawa wawili hupita jambo ambalo bila yake mabustani mengi yangekuwa jangwa.

Siri hii haikufichuka mapema. Katika Ulaya ya zamani wako waliodhani mbochi ni uchafu wautoao mti, na wako waliodhani ni maziwa ya kunyonyeshea mbegu changa. Mwaka 1761 Joseph Gottlieb Kölreuter, Mjerumani, alianza kutoa habari za majaribio yake yaliyoonyesha kuwa wadudu hubeba chavua. Baada yake akaja Christian Konrad Sprengel, mwalimu mkuu wa shule katika mji wa Spandau karibu na Berlin. Mwaka 1787 alilitazama ua dogo la mwituni, akaona ndani yake vinyweleo laini juu ya matone ya mbochi. Mtu mwingine angepita. Yeye alijiuliza vinyweleo vile ni vya nini, akajijibu kuwa vimewekwa ili mvua isiingie ikaharibu mbochi. Na kama mbochi imehifadhiwa hivyo, bila shaka iko anayehifadhiwa. Kutoka hapo alitazama mamia ya mimea, na mwaka 1793 akachapisha kitabu kilichoeleza kuwa rangi ya ua, mistari ya majani yake, harufu yake na tone lililo ndani yake vyote ni mambo ya kumwita na kumwongoza mdudu. Kitabu hakikupokewa kwa heshima iliyokistahili, na mwaka uliofuata mwandishi akaondolewa katika kazi ya shule. Nitarudi kwake, maana mtu huyu aliona jambo moja zaidi ambalo halikumpendeza yeye wala mtu mwingine.

Hapa kwetu mfano ulio mkubwa kupita yote ni mbuyu. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, wakati nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Ni jeupe, kubwa, linaning'inia chini ya tawi kwa kikonyo kirefu, nalo lina harufu nzito ambayo haipendezi puani mwa binadamu. Lakini halikufunguliwa kwa ajili ya binadamu. Popo walao matunda huifuata harufu hiyo gizani, hulikumbatia ua, hutia uso ndani na kunywa, na kila akumbatiapo hupakazwa chavua kifuani. Kisha huruka kwenda mbuyu mwingine, pengine mbali sana, kwa maana mibuyu haikai pamoja kama mikarafuu shambani. Kesho yake ua limenyauka na kuanguka. Usiku mmoja tu ndio muda wa posa.

Ujira hutofautiana kwa kadiri ya mshenga. Mshubiri wa kilimani huchanua maua mekundu au ya manjano yasiyo na harufu, kwa sababu ndege huona rangi vizuri kuliko anavyonusa; na chozi, yule kindege mwenye mdomo uliopinda na manyoya yanayometameta, hukuta humo mbochi nyingi iliyo nyepesi. Nyuki hupewa kidogo lakini tamu zaidi. Popo, kwa kuwa mwili wake ni mkubwa, hawezi kuitwa kwa tone, anahitaji kijiko. Hapana mti uliojifunza hesabu, lakini hesabu imekaa sawa.

Tazama tena hesabu hiyo na utaona ukali wake. Mbochi haipaswi kuwa haba mno, la sivyo mshenga hatakuja. Wala haipaswi kuwa nyingi mno, maana akishiba katika ua moja atakwenda zake kulala, na ujumbe utalala naye. Kipimo chake ni kile kitoshacho kumleta na kisichotosha kumkalisha. Tungemwonaje mwenye nyumba ambaye humwandalia mgeni tonge mbili tu, makusudi ili njaa impeleke kwa jirani? Hatungemwita mkarimu. Wala hatungemwita mchoyo moja kwa moja, kwa sababu tonge alizitoa. Labda tungesema ni mtu ajuaye analolitaka.

Hata pale ujira uonekanapo kuwa mwingi, mvutano haukosi. Katika kisiwa cha Bukini kuna okidi yenye maua meupe kama nyota, ambayo mbochi yake iko chini kabisa mwa mrija mwembamba uliozidi sentimita 25. Charles Darwin aliletewa maua hayo, na mwaka 1862 akaandika kuwa hapana budi yuko nondo mwenye ulimi urefu kama huo, ingawa hapana aliyepata kumwona. Wako waliomcheka. Mwaka 1903 nondo wa namna hiyo akaandikwa na wataalamu, wakampa jina la Kilatini lenye maana ya aliyetabiriwa. Na ilipofika miaka ya 1990 watu wakamwona kwa macho akilitembelea ua lenyewe. Watu husimulia kisa hiki kwa kusifu akili ya Darwin, nao wana haki. Mimi huvutwa zaidi na maelezo yake ya jinsi mrija ulivyorefuka. Nondo mwenye ulimi mrefu kupita mrija hunywa bila kugusa chavua. Kwa hiyo maua yenye mirija mirefu zaidi, yamlazimishayo kujisukuma mpaka kichwa kiguse, ndiyo yaliyozaa. Na nondo mwenye ulimi mfupi hafikii mbochi. Kwa hiyo wenye ndimi ndefu ndio walionawiri. Kila mmoja alimvuta mwenzake kwa kujivutia mwenyewe. Na hilo likiitwa urafiki, basi ni urafiki wa kamba iliyovutwa pande mbili mpaka ikakaza.

Sitawasahau wezi, ingawa sitakaa nao. Yuko nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa. Yeye akikuta ua refu asiloweza kuingia hulipasua ubavuni, hunywa mbochi na kuondoka bila kugusa chavua. Hata machozi wengine hufanya hivyo. Mwizi hana falsafa ya kutusumbua: amechukua ujira na kazi hakufanya, kila mtu anajua jina la jambo hilo.

Anayesumbua ni mwongo. Sprengel alizitazama okidi za kwao, akaona nyingine zina rangi ya kuita, zina mistari ya kuongoza, zina na mfuko wa kuwekea mbochi, lakini ndani ya mfuko hamna kitu. Alirudia kutazama na hamkuwa na kitu. Hakuwa na budi kukiri kuwa ua lile linamdanganya mdudu: linamwonyesha meza iliyotandikwa, linamtwisha chavua, linamtoa na njaa. Kwa mtu aliyeamini kuwa kila unyweleo uliwekwa na Muumba kwa hekima, jambo hili lilikuwa zito kulitamka, naye alilitamka. Ndiyo sababu namheshimu. Darwin mwenyewe, katika kitabu kile kile cha 1862, hakukubali. Aliona haiwezekani wadudu wenye akili kiasi kile wadanganywe kizazi baada ya kizazi na wasizinduke, akatafuta njia nyingine, akawaza kuwa labda hutoboa ngozi ya mfuko na kunywa maji yaliyo ndani ya nyama yake. Mwalimu wa Spandau ndiye aliyekuwa sahihi. Sasa inahesabiwa kuwa karibu thuluthi moja ya aina zote za okidi hazina malipo yoyote kwa mshenga.

Je, methali ya mkono mtupu imevunjika? La, haikuvunjika, ila imepata ufafanuzi. Mkono mtupu haulambwi na amjuaye mwenyewe. Lakini mkono mtupu uliofumbwa, ukachanganywa na mikono mingine iliyofumbwa ambayo ina kitu, hulambwa mara moja au mbili kabla ya kugunduliwa. Mdudu akikuta mifuko mitupu miwili mitatu hujifunza, akahama. Kwa hiyo okidi ziongozo mara nyingi huzaa matunda machache kuliko zile zilipazo, na walengwa wake ni wadudu wachanga ambao bado hawajaijua dunia. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi Uswidi walitoa habari za jaribio lililonifanya nifikiri sana. Walihamisha okidi moja iongopayo, wakaweka baadhi katikati ya maua yatoayo mbochi, na baadhi mahali pasipo maua hayo. Zile zilizokaa kati ya walipaji zilifanikiwa zaidi. Mwongo hakupata faida kwa kujitenga na wakweli, bali kwa kuwajongelea.

Hapa ndipo nionapo jambo lenye uzito. Watu hupenda kusema kuwa uongo ni adui wa ukweli. Ua hili linaonyesha kuwa uongo ni mpangaji wa ukweli: hauna nyumba yake. Nyuki hulijongelea ua la rangi nzuri kwa sababu maua elfu ya rangi nzuri yamekwisha kumlipa. Imani ile haikununuliwa na okidi. Ilinunuliwa tone kwa tone na majirani zake, kila asubuhi, kwa sukari yao. Okidi inaitumia kama mtu atumiaye hati ya nyumba isiyo yake kukopea fedha. Na kama waongo wangeongezeka kupita kiasi, imani ingekwisha, nyuki angeacha kuiamini rangi, na hata ua la kweli lingesimama na mbochi yake isiyonywewa. Kwa hiyo adanganyaye hamdhulumu mdanganywa peke yake. Anamdhulumu kila mlipaji mwaminifu aliye karibu naye, kwa kutumia akiba ambayo hakuiweka. Mwenye kuuza maziwa yaliyotiwa maji sokoni hupunguza bei ya maziwa ya jirani yake, na jirani huyo, ambaye hakukosa neno, ndiye atakayeulizwa kesho, "Na haya yako je?"

Mpaka hapa tuna mlipaji, mwizi na mwongo, na mtu angeweza kuridhika kwa kusema kuwa mlipaji ni mwema na hao wawili ni wabaya. Lakini yuko wa nne, naye ndiye aliyenishikisha kalamu. Huyu hulipa. Hulipa kweli. Walakini ndani ya malipo ametia kitu.

Mbuni, huu wa kahawa, hutoa maua meupe yenye harufu nzuri, na mbochi yake ni tamu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa katika mbochi hiyo, na katika ile ya maua ya jamii ya michungwa na milimau, mna kafeini, dawa ile ile ituamshayo asubuhi. Majanini na mbeguni kafeini ni chungu, nayo humfukuza adui. Katika mbochi imetiwa kwa kipimo kidogo, chini ya kile ambacho nyuki angekitambua kuwa kichungu akakataa. Nyuki waliofundishwa kuifuata harufu fulani kwa maji ya sukari yenye kafeini walikuwa mara tatu zaidi kuikumbuka harufu hiyo baada ya siku moja kuliko wale waliopewa sukari tupu. Miaka miwili baadaye, yaani 2015, wengine wakaonyesha kuwa nyuki apatapo kafeini huirudia karamu hiyo na kuwaita wenzake kwa bidii kuliko inavyostahili sukari iliyomo, kana kwamba ameiona bora kuliko ilivyo. Tumbaku nayo ina hila yake. Tumbaku pori moja ya Marekani hutia nikotini katika mbochi, na ndege wanywaji hukaa kidogo katika kila ua na kutembelea maua mengi zaidi, jambo ambalo ndilo liufaalo mmea.

Sasa tufanye haki. Mbuni si mwongo, sukari iko. Si mwizi, ametoa kilicho chake. Ukimshitaki mbele ya kadhi atakuonyesha tone na kuuliza, "Je, sikulipa?" Na bado moyo unakataa kumhesabu pamoja na mbuyu. Kwa nini? Si kwa sababu anatafuta faida, maana mbuyu pia unatafuta faida, na nondo, na popo. Kama kutafuta faida kungeharibu wema, basi hakuna mkono ungebaki safi duniani: mkulima analima ili ale, mkunga hupewa kanga na shukrani, mwalimu hupokea mshahara, na hatusemi kuwa mtoto hakufundishwa. Kosa haliko katika kutaka malipo. Kwa maoni yangu liko mahali pengine. Mbuyu humpa popo kitu ambacho popo anaweza kukipima, akikiona hakitoshi huenda kwa mti mwingine. Mbuni humpa nyuki kitu kigusacho kile kipimo chenyewe. Ujira wa kwanza huingia tumboni. Wa pili huingia katika mizani. Na mizani ikiguswa, mpokeaji hana tena pa kusimama akasema kuwa amepunjwa, kwa sababu anayesema na anayepunjwa wamekuwa wa mbuni wote wawili.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kuwa ua halina nia, na wanazuoni wetu wamefundisha tangu zamani kuwa kitendo hupimwa kwa nia yake. Ni kweli, wala simpeleki mbuni motoni. Mti hauwezi kuwa mwema wala mwovu. Hata nilipousema ukarimu wa mbuyu nilisema kwa mfano. Lakini ndiyo faida ya kuutazama. Katika mambo ya watu nia hufunika kila kitu kama moshi: atoaye husema alitoa kwa roho nzuri, apokeaye husema alipokea kwa roho nzuri, na hakuna mtu awezaye kuingia kifuani mwa mwingine akatoka na ushahidi. Katika ua hakuna kifua. Kimebaki kitendo peke yake, nacho kinaonekana kuwa na maumbo mbalimbali hata pasipo nia: kulipa ni umbo moja, kudanganya ni la pili, na kulipa kwa namna ya kuharibu mizani ni la tatu. Tukisha kuyatambua maumbo haya pale pasipo moshi, labda tutayatambua hata palipo moshi.

Wala sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Takrima ni neno zuri. Asili yake ni kumheshimu na kumkirimu mtu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa hivi kwamba kitu kitolewacho kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe kuwa ni hongo. Tazama maneno hayo, nia njema: sheria iliingia ndani ya moshi kwa miguu yake yenyewe. Baada ya hapo sahani ya pilau, kanga, au nauli ya kwenda mkutanoni vikapata mahali pa kujificha. Mashirika ya kutetea haki yalifungua shauri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba; mgombea asiye na mali hakuwa sawa na mwenye nazo.

Hoja hiyo ya usawa ni kweli, nami siipingi. Ila naona iko nyingine iliyo chini yake. Aliyekula pilau ya mgombea hakudanganywa: mchele ulikuwa mchele na nyama ilikuwa nyama. Wala hakuuza kura kwa maneno. Pengine hapana hata mtu aliyemwomba aiuze. Lakini mpiga kura ana kazi moja tu, nayo ni kupima. Ukimpa mjenzi mshahara umemlipa kwa kujenga, na jengo hubaki nje yake, wote wakaliona kama limepinda. Ukimpa mpimaji kitu kabla hajapima, umeweka kidole juu ya mizani, hata kama kidole hicho kimepakwa samli. Siku ya kura atakumbuka harufu kuliko thamani, kama nyuki wa kahawa. Na atakapowaita jirani zake kwa bidii, bidii hiyo itakuwa ya kweli. Ndiyo sababu mimi sikubali kuwa takrima ni ndugu ya karamu ya arusi, ingawa vyungu ni vile vile na wapishi ni wale wale. Arusini mgeni hakuitwa kuamua kama bibi arusi anafaa. Angeitwa kuamua hivyo, sahani yake ingekuwa na maana nyingine.

Wala sisemi kuwa kila kipawa kimgusacho mpimaji ni hila. Mama humpa mtoto kipande cha muwa akimaliza kusoma, naye anajua kuwa anaigusa mizani ya mtoto ili apende kusoma. Lakini mama hufanya hivyo akitumaini siku ambayo mtoto atasoma bila muwa. Shabaha yake ni kumrudishia mizani ikiwa imara kuliko alivyoipokea. Mbuni hautumaini siku ambayo nyuki atakuja bila kafeini. Mgombea hatumaini mwaka ambao wapiga kura watakuja wameshiba kwao. Swali hili, je, anayenipa anataka siku moja nisimhitaji, linapambanua mengi, na aulizwaye akichelewa kujibu huwa amejibu.

Nimezitaja methali mbili mwanzoni, na haki yake kila moja ipate. Tenda wema uende zako haijulikani kitakoni mwa ua. Sijaona mti uendao zake. Hiyo ni sheria ya watu, na pengine ni fahari yao kwamba waliitunga bila kuiona popote duniani. Mkono mtupu haulambwi inajulikana, lakini haitoshi, kwa sababu haikusema neno juu ya mkono uliopakwa kitu.

Kuna mshubiri mmoja wa Afrika ya Kusini, katika nchi ya Wazulu, ambao mbochi yake haifanani na nyingine. Rangi yake ni ya udongo, na ladha yake ni chungu. Wataalamu walioichunguza, waliotoa habari zao mwaka 2006, waliona kuwa nyuki wakiionja huiacha, na chozi vile vile haipendi. Nao wote wawili, kwa maumbo ya miili yao, hawaufai mti ule kwa kubeba chavua. Ajaye ni shore, ndege wa kawaida wa mabustanini, mwenye mdomo mfupi, asiyejali uchungu. Yeye huinama juu ya ua moja baada ya jingine, huchovya, hutikisa kichwa, huchovya tena. Uchungu uko katika tone la kwanza kabisa, haukufichwa chini ya kipimo cha ulimi. Ashindwaye hujua papo hapo kuwa ameshindwa, akaruka kwenda kwingine bila hasara. Shore naye hubaki kilimani mpaka jua lipande, uso wake wote umekuwa wa manjano.